Pedi Nyeusi Ndani ya Gunia la Maganda

Pedi ni pedi tu? Hapana. Hilo sikubali, na jana pale kwa kinyozi, mjini Kayanga, nilikwambia sikubali, mbele ya watu wote, ukacheka. Ukatoa hiyo pedi yako ya kijivu yenye masikio mawili, ukasema ukigongwa kwenye gemu inatetemeka yenyewe. Sawa, inatetemeka. Hata mbuzi anatetemeka. Umekuja juzi juzi kutoka Mwanza na mashine ya gemu ya sidii, unatusimulia gemu ya mpira uliyomaliza wiki iliyopita, mara ya magari, mara ya ngumi, na sisi tumekaa kimya kama tuko kanisani. Halafu mimi nikasema pedi bora niliyowahi kushika maishani ilikuwa nyeusi, ya pembe nne, ngumu kama sabuni ya mche, na niliishika kijijini Nkwenda. Ukauliza, "Nkwenda? Mlikuwa mnacheza kwa umeme wa radi?"

Watu wakavunjika mbavu. Na mimi nikikasirika maneno yananijia yote kwa mkupuo, yanaziba mlangoni, hakuna linalotoka. Ndiyo maana niliondoka na nywele nusu. Leo nimetulia. Naandika.

Umeme ulikuwa wa jenereta. Palikuwa na mzee mmoja mtu wa Muleba, Mlutheri, mwenye duka la chumvi na sabuni pale senta. Nyuma ya duka alikuwa na chumba ambacho msimu wa kahawa kinajaa magunia, msimu ukiisha kinabaki na vumbi na panya. Siku moja akarudi kutoka Kampala na televisheni isiyo ya rangi, na mashine ndogo nyeupe ya gemu, na kaseti nne. Akaacha kuweka magunia mle, akaweka mabenchi. Siku ya gulio, kuanzia mchana mpaka mafuta yaishe, chumba kile kilikuwa ndiyo dunia. Wenzetu wanakuja na miguu ina matope, mikono inanuka ndizi, wanakaa wanabishana.

Tulibishana nini? Hayo hayo mnayobishana nyinyi. Pedi zilikuwa mbili, nyekundu na nyeusi. Nyekundu ilikuwa laini, msalaba wake wa kuongozea unateleza chini ya kidole gumba, watu wa gemu ya pikipiki waliipenda. Nyeusi ilikuwa ngumu, mpaka kidole kinaota sugu.

"Nyeusi hiyo unashika wewe kwa sababu umezoea jembe," mtu ananiambia.

"Na wewe nyekundu unashika kwa sababu umezoea kubembelezwa."

"Gemu ya pikipiki umeshinda mara ngapi?"

"Pikipiki siyo gemu. Unakwenda mbele tu kama ng'ombe anarudi zizini. Njoo kwenye vifaru tuonane!"

Gemu ya vifaru ndiyo ilikuwa yetu. Nasema yetu kwa sababu sikuwa peke yangu. Nilikuwa na mwenzangu wa Kimuli. Babu yake alivuka kutoka Rwanda zamani, kabla hatujazaliwa, baba yake analima vibarua kwenye vibanja vya watu, mashamba ya migomba, na yeye kazaliwa hapa hapa, anaongea Kinyambo kuliko mimi. Ila neno moja alikuwa nalo la kwao. Kila akiongea na mimi anaanza na "sha". Sha, twende. Sha, umekula? Ni neno la kumwita rafiki, basi, halina kazi nyingine.

Kwenye gemu ya vifaru mnakuwa wawili upande mmoja. Chini kabisa pana nyumba yenu, ndogo, imezungushiwa tofali. Adui wanashuka kutoka juu. Nyumba ikipigwa risasi moja mmekwisha, hata kama mna maisha kumi. Sasa mimi unanijua. Nilikuwa napanda juu moja kwa moja, nawafuata huko huko wanakotokea, napiga, napigwa. Yeye habanduki chini.

"Linda nyumba!" napiga kelele.

"Sha, si nalinda? Wewe nenda."

Hayo tu. Wewe nenda. Sijawahi kufa kwenye gemu ile kwa sababu ya nyumba. Nilikufa kwa ujinga wangu mwenyewe, nyumba iko nzima.

Pedi nyeusi ikafa. Ilianza na kitufe cha risasi, unabonyeza mara tano kinaitika mara moja, mwisho kikanyamaza kabisa. Mzee wa duka akasema ataitupa, atanunua nyingine akienda Kampala, na Kampala anakwenda mara moja kwa mwaka. Nikamwambia nipe mimi. Mimi nimeishia darasa la saba, hakuna mtu aliyenifundisha ufundi, lakini redio ya baba nilishaifungua na kuifunga mara tatu na inaongea. Akanipa.

Tulikaa nyumbani kwetu na mwenzangu, chini ya kipenu cha jiko. Nilichonga spoku ya baiskeli ikawa bisibisi. Ndani ya pedi pana kipande cha mpira chenye vidoti vyeusi kwa chini, na kile kidoti cha risasi kilikuwa kimelika, hakigusi tena. Tulitazama karibu saa nzima. Yeye ndiye aliyepata wazo. Akaokota pakiti ya sigara ya baba, akachuna ile karatasi ya fedha ya ndani, akakata kiduara kidogo kwa wembe, tukakibandika kwa gundi ya kuzibia baiskeli. Waya uliokuwa umekatika shingoni tukaufunga kwa mpira wa tyubu. Siku ya gulio tukachomeka. Ukigusa tu, risasi imetoka! Ilikuwa nzuri kuliko ilipotoka kiwandani, na atakayebisha aje na yake.

Mzee wa duka alicheka mpaka akafuta macho. "Waitu, wenzangu, kaeni nayo," akasema. "Ni yenu. Mkija nayo mnacheza wa kwanza."

Kwa hiyo tukawa na pedi. Watu wawili, pedi moja. Wiki hii inalala Kimuli, wiki ijayo inalala kwetu. Sasa bibi yangu wa Bweranyange alishanieleza habari ya mukago. Tunda moja la kahawa lina punje mbili ndani, zimelala zimetazamana. Zamani watu wawili wakitaka kuwa ndugu wanachanja ngozi kidogo, wanapaka damu kwenye zile punje, kila mmoja anatafuna ya mwenzake. Kuanzia hapo nyumba yako ni nyumba yake. Anaingia anachukua anachotaka bila kuomba. Humnyimi kitu. Humdanganyi. Ukimdanganya, bibi alisema, tumbo linavimba.

Nikamwambia mwenzangu. Akasema, "Hata kwetu ipo, tunaita kunywana. Babu anayo na mtu mmoja wa huko." Tukachuma kahawa moja nyekundu nyuma ya nyumba. Wembe ulikuwepo bado. Punje mbichi ya kahawa haina utamu wowote, nakwambia, ni kama kutafuna kijiti. Tulitafuna. Pedi iko katikati yetu kwenye mkeka kama shahidi.

Kwenye vifaru tulikuwa tumefika gemu ya ishirini na tisa, yaani hatua. Ishirini na tisa ni ngumu, pana maji katikati na vifaru vyeupe visivyokufa kwa risasi moja. Thelathini hakuna mtu wa Nkwenda aliyeiona. Tulisema tutaiona sisi, pamoja.

Siku moja ya gulio baba akanishikilia. Ulikuwa msimu wa kuchuma, mvua inatishia, kahawa iko uani inakauka, lazima mtu aigeuze na aikusanye. Nilifika Nkwenda jua limeshaegemea. Kutoka nje nikasikia chumba kinapiga makelele. Nikaingia. Mwenzangu kashika pedi nyeusi, ilikuwa wiki yake. Pembeni yake, kwenye nafasi yangu, amekaa mtoto wa afisa kilimo, kashika nyekundu, na kwenye kioo wapo kwenye thelathini.

Thelathini. Bila mimi.

"Sha!" akasema, hata hajageuka, macho yako kwenye televisheni, anafurahi. "Njoo uone! Ina msitu mtupu!"

"Nani kakupa ruhusa?"

"Ulichelewa. Nilikushikia nafasi mpaka watu wakanigombeza."

"Kwa hiyo ukampa yeye?"

"Sha, ni gemu. Kaa, huyu anakupisha sasa hivi."

Sikukaa. Nilipita mbele ya benchi, nikachomoa pedi nyeusi kwenye mashine wakati gemu inaendelea. Kifaru chake kikasimama pale pale katikati ya msitu. Chumba kizima kikalia, "Aaah!" na mtu akanirushia ganda la ndizi. Nikazungusha waya mkononi nikatoka. Sikio langu moja lilisikia anacheka kidogo, akidhani natania. Yeye alikuwa hajui hasira isiyoisha. Kwao hasira ilikuwa inaisha.

Nilipofika nyumbani nikawaza, atakuja kuichukua. Na ana haki ya kuingia na kuchukua, ndiyo mukago wenyewe, na anajua ninakoficha vitu vyote: chini ya godoro, darini, nyuma ya mtungi. Nikatafuta mahali ambapo mkono wake hauwezi kufika hata kama ni ndugu. Kwetu huku ni mahali pamoja tu. Hakuna mtu anayetia mkono kwenye kahawa ya baba. Maganda, yaani kahawa iliyokauka na ganda lake, ndiyo ada ya shule, ndiyo bati, ndiyo kila kitu. Magunia yalikuwa saba yamesimama ukutani. La tatu lilikuwa halijashonwa. Nikaizamisha pedi mpaka kwapani, nikasawazisha juu.

Nilisema nitaitoa kesho. Kesho nikasema akija kuomba msamaha. Siku ya tatu nilitoka kukata majani ya ng'ombe, niliporudi ukuta ulikuwa mtupu. Baba kakodi pikapu, magunia yote saba yako kwenye ghala la chama cha ushirika.

Ningemwambia baba? Nimwambie nini? Tata, nimeweka mdoli wa umeme kwenye kahawa yako? Sikumwambia. Nikaambiwa mizani bado, foleni ni ndefu, watapima wiki ijayo. Nilizunguka lile ghala mara mbili. Lina mlinzi na kufuli.

Ndipo akaja. Alhamisi, asubuhi, kwa mguu kutoka Kimuli, kavaa koti la kaki la baba yake. Akamwamkia baba, "Shikamoo baba," akasogea pale nilipokuwa namenya ndizi.

"Sha, tunaondoka."

"Mnakwenda wapi?"

"Kwetu." Alilisema kama mtu anayejaribu kiatu. "Babu anasema ni wakati wa kurudi. Watu wengi wa Kimuli wanarudi. Lori linakuja Jumamosi, tunapitia mpakani Rusumo."

Nilitazama kisu. Nilitaka kumwambia kwako ni hapa, mjinga wewe, umezaliwa hapa, huko unamjua nani. Nikachukua ndizi nyingine nikaimenya.

"Kesho ni gulio," akasema. "Lete pedi. Tucheze mimi na wewe, mara moja tu. Ishirini na tisa tunapita, nimeshaona njia. Ile thelathini sikuimaliza, si uliichomoa?" Akacheka. "Tuimalize sisi."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Maneno matatu tu, iko kwenye kahawa. Angecheka mpaka aanguke, ninamjua. Angekwenda na mimi ghalani kumlilia yule mlinzi. Lakini nilikuwa na aibu, na mimi aibu ikinishika inavaa nguo za hasira, inatoka hivyo.

Nikasema, "Kacheze na mtoto wa afisa wako."

"Sha..."

"Pedi sikupi."

Alisimama. Alitazama mlango wa nyumba yetu. Angeweza kuingia akatafuta, ilikuwa haki yake, na mimi nilijua kwamba anajua. Hakuingia. Akasema taratibu, "Basi hata na nyekundu tutacheza kwa zamu. Wewe njoo tu." Akamuaga baba, akaondoka. Mama alimfuata njiani na ndizi mbivu.

Kesho yake sikwenda.

Nilikaa nyuma ya nyumba, chini ya ule mti wa kahawa tuliochuma punje, nikasikiliza. Upepo ukija vizuri jenereta ya Nkwenda ilikuwa inasikika mpaka kwetu, mbali, kama nyuki kwenye chupa. Nilisikiliza mpaka ikazima.

Aliyenisimulia yaliyotokea ni mzee wa duka. Alisema mwenzangu alifika wa kwanza kabla hata jenereta haijawashwa. Akakaa kwenye benchi letu, akavua lile koti, akalitandika pembeni yake. Kila aliyetaka kukaa alimwambia, "Pana mtu." Wakamwambia chukua nyekundu, cheza. Akasema, "Namngoja mwenzangu." Mtoto wa afisa kilimo akaja, akaambiwa hivyo hivyo, pana mtu. Gulio likavunjika, mafuta yakaisha, kioo kikawa cheusi, yeye amekaa na koti lake. Mzee alimuuliza, kijana, hukucheza leo? Akajibu, "Hakuja. Labda kahawa imemshika."

Kahawa imemshika. Alinitetea mbele ya watu mpaka dakika ya mwisho, hata hajui alivyopatia.

Jumanne baba akarudi kutoka chama. Hakuwa mtu wa kupiga, na siku ile ningefurahi kama angenipiga. Karani alipomwaga gunia la tatu kutafuta mawe, maana wapo watu wanaoongeza mawe kwa ajili ya uzito, kikadondoka kidude cheusi chenye mkia. Foleni nzima ikamcheka baba yangu. Mmoja akasema mzee huyu analima redio. Karani akayafungua magunia yote saba, moja moja, baba amesimama pale mbele ya watu na kofia mkononi. Mzee aliyekuwa hajawahi kuweka hata jani kwenye kahawa yake.

Baba aliiweka pedi juu ya meza yetu. Akaitazama, akanitazama. Mwenzangu alipokuja siku ile, baba alikuwa uani, alisikia kila kitu.

"Hiki ndicho ulichomnyima?" akaniuliza.

Nilichukua baiskeli. Sikumbuki hata ile njia, nakumbuka tu kwamba pedi ilikuwa kifuani ndani ya shati na inanigonga. Kimuli nilikuta mlango umefungwa kwa kamba. Mafiga matatu yapo. Ndizi zao jirani kashaanza kuzipunguza majani. Yule jirani akaniuliza unamtafuta nani, na mimi nikageuza baiskeli, kwa sababu kama ningetaja jina lake ningelia mbele ya mwanamke wa watu.

Ni miaka kadhaa sasa. Tumbo halijavimba, kila siku nikiamka nalipapasa. Madereva wa lori wanaokwenda Rusumo nawajua, mmoja aliniambia nimpe huo mzigo, atauliza huko. Nilifunga pedi kwenye gazeti, nikamfikia kwenye gari, nikarudi nayo. Kwa sababu ikienda, yeye ana sababu gani ya kuja? Wiki ile ilikuwa inahamia kwangu. Ijayo ni yake. Bado ni ijayo.

Mzee wa duka alipofunga kile chumba aliniuzia televisheni na mashine, ile nyeupe, imeshageuka rangi ya chai. Ninayo. Karatasi ya fedha nabadilisha kila mwaka, kiduara kile kile, wembe. Nikipata betri yenye moto nawasha, na kabla haijaanza gemu inakuuliza, mmoja au wawili. Huwa nachagua wawili. Nachomeka nyeusi upande wake, naiweka juu ya benchi pale pembeni yangu. Mimi nacheza na hiyo nyekundu nisiyoipenda. Kifaru changu kinapanda juu. Chake kinabaki chini karibu na nyumba, kimesimama, hakigeuki, hakipigi. Adui wanakuja wanakitoa. Halafu wanapiga nyumba. Sijafika hata kumi na mbili.

Na bado napiga kelele peke yangu kama mwendawazimu: linda nyumba! Hakuna anayeniambia, sha, wewe nenda.

Sasa wewe wa Mwanza. Nimeona pedi yako, nimeona inavyotetemeka, nimekubali ni nzuri. Kwenye boksi la mashine yako zilikuja mbili. Jana ya pili ilikuwa bado imo ndani ya nailoni yake, waya haujakunjuliwa. Wewe ya pili anashika nani?